Bonde la Rusizi: maji ya kisima yanatoka wapi, na kwa nini choo hakichimbwi popote

Kama umefika wilaya ya Rusizi ukitokea Kamanyola, Luvungi, Uvira au Bukavu, au kama umezaliwa hapa Bugarama na sasa una wageni wanaochota maji pamoja nawe, huenda umewahi kujiuliza mambo haya. Kwa nini mlimani watu wanakunywa maji ya chemchemi, lakini bondeni wanaambiwa wasinywe maji ya kisima kabla hayajapimwa? Kwa nini maji yaletwe kwa lori wakati ukichimba mita chache tu unayapata? Na kwa nini fundi anakataa kuchimba choo mahali ambapo wewe unaona panafaa kabisa?

Majibu yako chini ya miguu yetu, kwenye mawe na udongo. Makala haya yanaeleza jinsi ardhi ya bonde hili ilivyoundwa, maji yanavyopita ndani yake, na maana yake kwa mtu mwenye jerikeni mkononi. Si somo la shule. Kutojua mambo haya kumewahi kuua watu wengi katika eneo letu la Maziwa Makuu, na tutafika huko.

Mto ulio kijana

Mto Rusizi (upande wa Kongo huandikwa Ruzizi) unatoka Ziwa Kivu, kati ya Bukavu na Kamembe, na kwenda kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika, karibu na Uvira na Bujumbura. Urefu wake ni takriban kilomita 117. Ziwa Kivu liko juu, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Tanganyika iko karibu mita 770. Kwa hiyo mto unashuka takriban mita 690 katika safari fupi. Sehemu kubwa ya mshuko huo iko mwanzoni, kwenye makorongo ya upande wa Mururu, na ndiyo sababu mabwawa ya umeme yalijengwa huko: la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, la pili mwaka 1989. Ukifika Bugarama, korongo linafunguka na kuwa uwanda mpana na wenye joto. Hapo ndipo mahali pa chini kabisa katika Rwanda nzima, karibu mita 950.

Wanajiolojia wanasema mto huu ni mdogo kwa umri. Zamani maji ya eneo la Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Kisha volkano za Virunga ziliinuka na kuziba njia hiyo. Maji yakakosa pa kwenda, ziwa likajaa, mpaka likapata mlango upande wa kusini, hapa kwetu. Inakadiriwa kwamba hilo lilitokea miaka kama 10,000 iliyopita. Kwa mawe, huo ni muda wa jana tu. Ndiyo maana korongo la Rusizi bado ni jembamba na lenye kingo kali: mto haujamaliza kazi ya kuchimba. (Wengi hudhani maji yote ya Rwanda yanaenda mto Nili. Ya kwetu hapana. Kutoka Tanganyika yanapita mto Lukuga, yanaingia mto Kongo na kufika bahari ya Atlantiki.)

Bonde lenyewe, hata hivyo, ni la zamani kuliko mto. Ni sehemu ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi ya Afrika inavutwa pande mbili na kupasuka polepole. Katikati inazama, pembeni inabaki juu kama ukuta. Ukisimama Bugarama na kutazama milima ya Nyakabuye upande mmoja na ile ya Kongo upande wa pili, unaona kuta hizo. Na kwa kuwa ardhi bado inavutwa, matetemeko hayajaisha.

Mlimani maji yapo kwenye nyufa

Tuanze juu. Vilima vya Nkungu, ambako kiko kituo cha muda cha Nyarushishi, na vile vya kuzunguka Kamembe vina miamba migumu. Mingine ni ya zamani sana, mingine ni mawe meusi ya volkano za kale, yale yale yanayoonekana Bukavu. Jiwe kama hilo halinyonyi maji. Ukilivunja, ndani ni kavu. Maji yanakaa kwenye nyufa za mwamba, na kwenye udongo mzito mwekundu ulio juu yake, ambao ni mwamba uliooza kwa maelfu ya miaka ya mvua.

Mvua ikinyesha, sehemu yake inazama kwenye udongo huo, inashuka taratibu mpaka ikutane na mwamba mgumu, kisha inateleza kando hadi itokee chini ya kilima. Hapo panakuwa chemchemi. Maji ya namna hii yamechujwa na udongo kwa wiki au miezi, kwa hiyo kwa kawaida ni safi yanapotoka. Yanachafuka baadaye: pale ng'ombe wanaponywea, pale tunapofulia nguo, au pale choo kinapochimbwa juu ya chemchemi kwenye mteremko. Chemchemi iliyojengewa vizuri, yenye ukuta, bomba la kutokea na mfereji wa kuzuia maji ya mvua upande wa juu, ni moja ya vyanzo bora vya maji tulivyo navyo katika wilaya hii. Kwa maoni yangu inathaminiwa kidogo kuliko inavyostahili, labda kwa sababu haina injini wala haipigwi picha.

Ubaya wake ni kwamba haiongezi maji watu wanapoongezeka. Chemchemi inayotosha kaya 60 haitatosha kaya 300 kwa sababu wageni wamefika. Hapo ndipo maneno huanza kwenye foleni: fulani amekuja jana na anachota jerikeni nne. Viwango vya kimataifa vya misaada vinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku, bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, na foleni isizidi dakika 30. Chemchemi inayotoa lita 20 kwa dakika inachukua dakika moja kujaza jerikeni moja. Jerikeni 200 ni zaidi ya saa tatu, hata kama hakuna anayepoteza wakati. Si mkimbizi anayeiba maji ya mwenyeji, wala si mwenyeji mwenye roho mbaya. Kilima kina maji kiasi hicho tu, na ndiyo sababu lori au bomba kutoka mbali linahitajika idadi ya watu inapopanda ghafla.

Kwa nini basi wasichimbe kisima kirefu mlimani? Wakati mwingine wanachimba. Lakini kwenye mwamba wa nyufa, kuchimba ni kama kutafuta mshipa kwenye mkono mnene: ukiukosa kwa sentimita chache, hupati kitu. Visima viwili vilivyo mita 50 kutoka kimoja hadi kingine vinaweza kutofautiana kabisa, kimoja kikatoa maji mwaka mzima na kingine kikawa kikavu. Kwa hiyo mafundi hupima kwanza kwa kupitisha umeme mdogo ardhini, kwa sababu udongo wenye maji hupitisha umeme kwa urahisi kuliko mwamba mkavu. Ukiona watu wameingiza vyuma ardhini na kutandaza nyaya shambani, hawatafuti dhahabu.

Bondeni maji yapo karibu, na hapo ndipo shida ilipo

Uwanda wa Bugarama ni kitu kingine. Kwa muda mrefu mito ya Rusizi, Rubyiro na Ruhwa imekuwa ikishusha mchanga, kokoto na tope kutoka milimani na kuyalaza hapa. Matabaka hayo yamepangana kama chapati: mchanga, juu yake mfinyanzi, juu yake kokoto, tena mfinyanzi. Mchanga na kokoto hushika maji mengi na kuyaachia kwa urahisi. Mfinyanzi hushika maji lakini hauachii, kwa hiyo unafanya kazi ya kifuniko. Mashamba ya mpunga ya Bugarama yanasimama juu ya mfinyanzi wa namna hiyo. Bila huo maji yangezama na mpunga ungekauka.

Ndiyo maana hapa ukichimba kidogo unapata maji. Lakini angalia: maji yaliyo karibu na miguu yako yako karibu pia na kila kitu unachomwaga juu ya ardhi.

Tuseme umechimba kisima mwezi wa Agosti, kiangazi kikiwa kikali, na umekuta maji kwenye mita 3. Jirani yako naye anachimba choo cha mita 2. Anaona shimo ni kavu, anaridhika. Ikifika Aprili, masika yamepiga, Rubyiro imejaa, mashamba yamefurika. Maji ya ardhini yamepanda hadi mita 1. Sasa shimo la choo lina mita nzima ya maji, na maji hayo ni yale yale ya kisima chako. Hakuna aliyemwaga uchafu kisimani. Ardhi imeuhamisha yenyewe.

Kwa hiyo kanuni inayofuatwa ni hii: sehemu ya chini ya shimo la choo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, ikipimwa wakati maji yamepanda, si wakati wa kiangazi. Na choo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji. Sehemu nyingi za uwandani haziwezi kutimiza sharti la kwanza kwa shimo la kawaida. Hapo fundi anajenga choo cha kuinuliwa, chenye ngazi, au chenye tangi lililofungwa linalonyonywa. Watu hulalamika kwamba vyoo vya ngazi ni vya aibu, kwamba mtu akipanda anaonekana na kila mtu, na kwamba mzee au mama mjamzito anapata taabu. Malalamiko hayo ni ya haki. Yanatatuliwa kwa ukuta mzuri, ngazi fupi na mahali pa kushika. Hayatatuliwi kwa kurudi kwenye shimo refu.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Funga jiwe safi kwenye kamba safi, lishushe kisimani hadi liguse maji, weka fundo kwenye kamba, kisha ipime. Fanya hivyo mara moja kila mwezi na uandike ukutani. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na habari ambayo mhandisi yeyote atakushukuru kuipata, kwa sababu wengi wao hufika wakati wa kiangazi, barabara zikiwa kavu.

Goma, Julai 1994

Baadhi ya wasomaji wetu walikuwepo, wengine wazazi wao. Katika siku chache za Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka kuingia Goma. Ardhi ya huko ni lava. Huwezi kuchimba choo kwenye lava kwa jembe wala kwa sururu, na huwezi kuchimba kisima. Watu walijisaidia juu ya mawe na kuchota maji ya Ziwa Kivu bila kuyatibu. Kipindupindu kililipuka, kikafuatiwa na kuhara damu. Wataalamu waliochunguza baadaye walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza.

Silaha haikuwa chanzo cha vifo hivyo. Ulikuwa ni msongamano, maji machafu na ardhi isiyochimbika kwa pamoja. Bugarama ina tatizo linaloonekana kinyume, ardhi laini yenye maji juu, lakini mwisho wake unaweza kuwa ule ule: kinyesi na maji ya kunywa kukutana. Ndiyo sababu wahudumu wa maji na usafi wanapofika mahali papya huuliza habari za udongo kabla ya kuuliza habari za mahema.

Maji ya moto na mawe ya saruji

Karibu na Bugarama kuna Amashyuza, chemchemi za maji ya moto zinazojulikana na kila mtu wilayani. Maji yale ni mvua kama mvua nyingine. Tofauti yake ni kwamba yamezama ndani sana kupitia nyufa za Bonde la Ufa, yakapashwa joto huko chini, kisha yakapanda tena. Joto lake hufika takriban nyuzi 50. Njiani yameyeyusha madini mengi na kubeba gesi ya kaboni, ile ile iliyo kwenye soda. Yanapofika juu gesi inatoka kwa mapovu, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka inaganda na kuwa jiwe. Kwa maelfu ya miaka jiwe hilo limerundikana, na ndilo malighafi ya kiwanda cha saruji cha Cimerwa, ambacho kimekuwa kikizalisha tangu miaka ya 1980. Ukijenga kwa saruji ya hapa, unajenga kwa masalia ya chemchemi za zamani.

Watu huoga kwenye maji hayo kwa ajili ya mifupa na ngozi, na wengine huyanywa kama dawa. Kuoga ni uamuzi wako, ila mtoto asiachwe peke yake, na mahali penye mapovu mengi na upepo mdogo usiinamishe uso karibu na maji: gesi ile ni nzito kuliko hewa na hukaa chini. Kuyanywa kila siku sikushauri. Maji yaliyokaa na mawe ya moto katika Bonde la Ufa mara nyingi hubeba floridi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kule Arusha na Meru nchini Tanzania, na Nakuru nchini Kenya, kuna sehemu ambako kiwango hicho kimepitwa kwa mbali, na meno ya kahawia ya watoto waliokulia huko ni alama yake. Kiwango kikiwa kikubwa zaidi na kwa miaka mingi, mifupa nayo huharibika.

Kuchemsha hakuondoi floridi wala chumvi, wala vidonge vya klorini haviondoi. Kuchemsha na klorini vinaua vijidudu tu. Madini yanabaki; na ukichemsha muda mrefu maji yanapungua na madini yanakolea. Kwa hiyo kisima kipya katika eneo lenye maji ya vuguvugu kinapaswa kupelekewa maji yake maabara kabla ya mtu yeyote kukabidhiwa pampu, hata kama maji yanang'aa kama kioo.

Jiwe la chokaa lina tabia nyingine ya hatari. Lina matundu na mapango madogo. Kwenye mchanga mwembamba maji husogea polepole na vijidudu hufa njiani. Ndiyo maana mita 30 zinatosha kwa kawaida. Kwenye chokaa yenye matundu, au kokoto kubwa, au mwamba wa nyufa, maji hupita kama kwenye bomba, na mita 30 si kitu. Hivyo usishangae fundi akikuambia choo kiende mita 60 au upande wa pili wa kilima, wakati kambi nyingine walikubaliwa 30.

Maji ya kisima yanakuambia nini

Maji yakiacha rangi ya kutu kwenye nguo nyeupe na kwenye jerikeni, hilo ni chuma. Hayapendezi, watu huyakimbia na kwenda mtoni, lakini mto ni hatari zaidi. Sabuni ikikataa kutoa povu, maji yana chokaa na magnesi nyingi. Maji ya Ziwa Kivu na ya mto Rusizi yenyewe yana tabia hiyo kiasi. Maji yanayobadilika rangi saa chache baada ya mvua yanakuambia kwamba kuna njia ya mkato kutoka juu ya ardhi, pengine saruji ya kisima imepasuka. Hiyo ndiyo ishara ya kuchukulia kwa uzito kuliko zote.

Harufu na ladha havikuambii kuhusu kipindupindu. Maji yenye ugonjwa yanaweza kuwa matamu.

Kwa hiyo nyumbani, maji yakiwa na tope, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, ndipo utie klorini kwa kipimo kilichoandikwa na usubiri dakika 30. Ukitia klorini kwenye tope, tope linaila na vijidudu vinabaki. Harufu kidogo ya klorini kwenye maji ya lori au ya bomba si sumu. Ni dalili kwamba kinga bado ipo.

Ukitaka kuripoti kisima au chemchemi, mwambie mhudumu wa maji au kiongozi wa mudugudu mambo manne: kilipo, tangu lini maji yamebadilika, kama kulinyesha, na watu wangapi wanachota hapo. Kama ni ukarabati wa chemchemi, umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni nafasi nzuri, na wakimbizi na wenyeji wanaweza kufanya kazi hiyo pamoja. Usichimbe kisima kipya bila kuuliza ofisi ya sekta. Idhini ya matumizi ya maji nchini Rwanda inasimamiwa na mamlaka ya rasilimali za maji, na ofisi ya sekta ndiyo itakayokueleza pa kuanzia.

Kuhusu matetemeko: Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 5.9 na makumi ya watu wakafa, wengi wao Rusizi na Nyamasheke, baadhi wakiwa kanisani. Tetemeko huhamisha nyufa, na nyufa ndizo njia za maji. Baada ya tetemeko chemchemi inaweza kutoa maji ya tope, kupungua, kukauka au kutokea mahali papya. Ikitokea hivyo, usinywe maji yake bila kuyatibu mpaka yapimwe tena, hata kama umeyanywa miaka 20, na toa taarifa siku hiyo hiyo.